Kufungua si Kuchinja

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unatoka Vingunguti, kabla hujamaliza sentensi ameshaona nyama: ng'ombe waliotoka mnada wa Pugu, vijana wenye gambuti, mapande yanayopakiwa alfajiri kwenda mabucha ya mji mzima. Machinjio mapya yalipokuwa yakijengwa pale, Rais Magufuli alifika mwenyewe kuyakagua, mwaka 2019, na mji mzima ukazungumza.

Sasa yape machinjio mgongo, ufuate vumbi kuelekea upande wa reli. Huko nako wanachinja, ila kinacholala chini ni magari. Neno ni hilohilo. "Hili limekuja kuchinjwa," wanasema, na gari lililoshindikana kwa ajali, au kwa mwenye mali aliyefariki akaacha watoto wasioelewana, linashushwa kutoka kwenye Fuso hadi uwanja wa vyuma chakavu. Vifaa ni mtungi wa gesi na shoka. Nusu siku inatosha. Kilichokuwa gari asubuhi, jioni ni mafungu: chuma peke yake, alminiamu peke yake, shaba ya nyaya peke yake, betri pembeni, mizani katikati.

Kwenye kona moja ya uwanja kama huo kuna mzee mmoja ambaye neno hilo linamkera. Vijana wake wanamwita Mzee tu, nami nitamwita hivyo. Siku ya kwanza nilipomuuliza kama ndiye anayechinja Landrova za zamani, aliendelea kufuta spana yake kwa muda, kisha akajibu bila kuniangalia, "Hapa hatuchinji, kijana. Hapa tunafungua."

Kiswahili cha gereji kinasimama juu ya vitenzi viwili, kufunga na kufungua. Injini inafunguliwa, injini inafungwa. Sifa zote huenda kwa anayefunga, kwa sababu ndiye anayewasha gari mwishoni watu wakashangilia. Mimi nimekaa siku sita kwenye kigoda uwanjani kwa Mzee, na ninayetaka kumsifu ni yule anayefungua.

Kilichonipeleka huko ni Landrova ya marehemu baba, Series III, ile ndefu yenye inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Baba aliinunua kwenye mnada wa serikali ikiwa imeshachoka, akaichosha zaidi kwa miaka ishirini kati ya Dar na shamba letu la Mkuranga. Alipofariki ikakaa chini ya mwembe. Mwembe ni kivuli kizuri kwa binadamu na adui mbaya kwa gari: majani yanaoza kwenye mifereji ya maji, umande haukauki, na kutu inafanya kazi usiku na mchana bila kudai posho. Injini, petroli ya lita 2.25, ilikuwa nzima. Kilichokufa ni ukuta wa mbele, ule ukuta wa chuma unaosimama kati ya injini na miguu ya dereva, unaobeba usukani, pedali, bawaba za milango na fremu ya kioo. Ukikanyaga klachi ulikuwa unaiona barabara inapita. Gia ya pili nayo ilikuwa inaruka.

Uingereza wapo wanaotengeneza ukuta huo hadi leo, mpya kabisa. Nilijumlisha bei, nauli ya meli na ushuru, nikafunga kompyuta. Kwa hiyo lilihitajika gari jingine life ili la baba liishi.

Tuliletewa habari za magari matatu. Moja lilikuwa Tanga, la pili Mbagala, la tatu Manyoni. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia injini na kilomita. Mzee hakuuliza hata kimoja kati ya hivyo. Swali lake lilikuwa moja kwa yote matatu: "Limetoka wapi?" La Tanga lilikuwa limeishi karibu na bahari, akalikataa kwenye simu. La Mbagala mwenyewe alisifu kwamba ni la mjini, halijawahi kwenda porini; Mzee akacheka. Porini ndiko alikokuwa anakutaka. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi ikichanganyika na unyevu inakula chuma kuanzia ndani, mahali ambapo rangi haikuwahi kufika. Manyoni mvua ni ya msimu mmoja, na miezi mingi ya mwaka ardhi ni kavu kama kigae. Gari la huko linaweza kuwa limegongwa, limepinda, limekaliwa na kuku, lakini chuma chake bado ni chuma.

Likaja juu ya Fuso, nyuma ya magunia ya alizeti. Halina kioo, halina viti vya nyuma, tairi moja haipo. Namba yake ilikuwa bado ile ya kizamani inayoanza na TZ. Kabla halijashushwa Mzee aliomba kadi. Akapanda, akalala chali chini yake, akafuta udongo kwenye chesisi upande wa kulia mbele, pale springi inapoanzia, akaisoma namba iliyogongwa pale, tarakimu moja baada ya nyingine, kijana akiifuata kwenye kadi kwa kidole. Ndipo tukaenda na muuzaji kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukaandikiana, muhuri ukapigwa. Maeneo haya yana sifa zake mjini, na anayefungua magari bila karatasi mwisho wake hufungwa yeye.

Jirani mwenye mizani alikuwa ameshalipima kwa macho. Bodi ya Landrova si bati la chuma. Gari hili lilipoonyeshwa mara ya kwanza, Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo. Aloi ya alminiamu ilipatikana kwa urahisi zaidi, basi wakajengea hiyo. Dhiki ya Waingereza ya mwaka ule ndiyo inayofanya boneti ya Landrova igombewe Vingunguti leo, maana alminiamu ina bei kuliko chuma, na wanaoiyeyusha kutengenezea sufuria hawako mbali. Nina hakika kuna pilau nimewahi kula iliyopikwa ndani ya mlango wa Landrova. Mzee alimlipa muuzaji zaidi ya bei ya kilo, jirani akatikisa kichwa, biashara ikaisha.

Siku ya kwanza hakuna nati iliyofunguliwa.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini siku mbili. Nilifika saa moja asubuhi nimevaa nguo za kazi. Mzee alilizunguka gari na daftari la shule la mistari, akachora. Alichora jinsi nyaya zinavyopita, waya upi uko juu ya upi, kifungo gani kimegeukia wapi. Kijana wake alipiga picha kwa simu, Mzee akamwachia, lakini daftari hakuliweka chini. Anasema picha inaonyesha kila kitu, na mchoro unaonyesha kile ulichokielewa. Kisha akachanganya mafuta ya taa na oili nyepesi kwenye chupa ya maji ya Kilimanjaro aliyoitoboa kifuniko kwa msumari, akaanza kudondoshea kila nati aliyoikusudia. Asubuhi, adhuhuri, magharibi. Kutwa mara tatu, kama dozi ya zahanati. Siku ya pili dozi iliendelea hadi mchana. Mimi nikapiga simu kazini kuomba siku nyingine nne.

Spana zake ziko kwenye kipande cha khanga ya zamani kilichoshonwa mifuko midogo, kimeviringishwa kama mkeka. Ni spana za inchi. Hapa ndipo vijana wengi wa gereji za Dar wanapoangukia, kwa sababu wamelelewa na Toyota, na Toyota ni milimita: kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba. Landrova ya zama hizo karibu yote ni inchi. Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7. Spana namba 13 inaivaa vizuri tu, huwezi kuona kasoro. Pengo ni milimita 0.3. Lakini ukiweka nguvu juu ya kutu ya miaka arobaini, pengo hilo linageuka mwendo, spana inapanda kwenye pembe za nati na kuzilamba, na nati inabaki duara kama shanga. Baada ya hapo ni grenda na majuto. Namba kwenye spana za Mzee zimesuguka hadi hazisomeki. Anazitambua kwa kidole gumba, akipitisha kwenye mdomo wa spana kama mama anayepima joto la uji.

Nati ikikataa kufunguka, Mzee anaikaza. Mara ya kwanza nilidhani amekosea upande. Anaikaza kidogo sana, kiasi cha kusikia mlio mdogo, tak, kama kijiti kinachovunjika kwenye chumba cha pili. Kutu iliyoshika kwenye nyuzi inavunjika kwa kusogezwa upande wowote, aliniambia, na upande wa kukaza ndio upande ambao bolti haikutegemei. Kisha anarudi. Anafungua nusu ya nusu, anasimama, anadondosha mafuta, anakaza tena, anafungua zaidi ya mwanzo. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Kuna nati moja ya fremu ya kioo ilichukua dakika ishirini na tano kwa saa yangu. Ilipotoka, nyuzi zake zilikuwa nzima zote. Akaisafisha kwa brashi ya waya, akairudisha kwenye bolti yake, na bolti akaichomeka kwenye tundu lake lilelile kwa mkono. Karibu kila kitu alichokitoa kilibaki na bolti zake mwilini. Zilizokosa mahali zilikwenda kwenye makopo ya Blue Band, kila kopo na kipande cha boksi chenye maandishi: mlango kulia, bawaba juu.

Zile zilizokataa hata dozi zilipashwa moto. Anapasha nati bila kuigusa bolti, kwa kuwa nati ikipanuka peke yake inalegea juu ya bolti ambayo bado ni ya baridi. Chuma kikianza tu kubadilika rangi, anazima gesi, anachukua mshumaa wa kawaida wa dukani, anaugusisha kwenye nyuzi. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani, mahali ambapo mafuta hayakuweza kufika kwa siku mbili. Nilipoona hilo mara ya kwanza niliomba arudie, na akarudia, kama mtu anayeona fahari bila kutaka ionekane.

Kwenye vichwa vya fimbo za usukani alinionyesha kingine. Hivi hukaa kwenye tundu lililopungua upande mmoja, kama kizibo kwenye shingo ya chupa, na kadiri gari linavyotembea ndivyo vinavyozidi kujikaza. Fundi wa haraka anagonga kutoka chini, anaponda nyuzi, kisha anasema kichwa kilikuwa kibovu tangu mwanzo. Mzee alichukua nyundo mbili, moja kila mkono, akagonga pande mbili za lile jicho la chuma kwa wakati mmoja. Tundu linaminywa kwa kufumba na kufumbua na kurudi. Mara tatu, na kichwa kikadondoka chenyewe kama embe.

Asifikirie mtu kwamba Mzee ni wa kubembeleza kila kitu. Bolti za springi zilikuwa zimeshikana na vibomba vya chuma vilivyo ndani ya mpira. Ukizungusha, mpira wote unazunguka nazo na hakuna kinachotoka. Nilijiandaa kwa siku nzima ya mishumaa. Akaomba grenda, akazikata zote kwa muda mfupi, cheche zikaruka hadi kwenye uwanja wa jirani. Springi zilikuwa zimelala, bolti ni za bei ndogo, na kilichotakiwa ni ekseli yenyewe. Hivyohivyo kwenye breki: alikata bomba kwa makusudi, karibu kabisa na nati, ili aweze kuivisha spana ya pete inayoshika pembe zote sita, badala ya ile ya mdomo wazi inayoshika pande mbili. Bomba la breki linauzwa kwa urefu. Silinda iliyotengenezwa miaka hiyo, ikiwa nzima, si kitu cha kuhatarisha kwa ajili ya bomba. Nadhani nusu ya ufundi wake iko hapo, kwenye kuamua kipi kife. Yule mwenye shoka anaua kila kitu na hachagui. Na fundi mwoga, nimewaona pia, anataka kuokoa hata washa, mwisho anavunja kilicho muhimu.

Ukuta wa mbele ulichukua siku mbili. Kwanza boneti, kisha madigadi, kisha pedali na nguzo ya usukani. Nyaya hazikukatwa hata moja. Kila ncha ilifungwa kitambaa na kuandikwa. Pale alminiamu ya bodi ilipogusana na chuma, kulikuwa na unga mweupe, laini kama chumvi ya mezani. Mzee aliuchota kwa kucha akaninyooshea. Vyuma viwili vya aina tofauti vikikaa pamoja na unyevu katikati vinakuwa betri ndogo, na anayeliwa ni alminiamu. Kwenye gari la baba unga huo ulikuwa wa kujaza kikombe. Kwenye gari la Manyoni ulikuwa ni alama tu.

Bolti tatu za bawaba zilikataa dawa zote. Ndani ya nguzo ya mlango kuna nati ambazo hazionekani wala hazishikiki, zikizunguka humo umekwisha. Mzee akapiga alama katikati ya kichwa cha kila bolti, katikati kabisa, akaangalia kwa tochi, akaipiga tena. Akaanza na drili nyembamba kama sindano ya kushonea magunia, kisha iliyo nene kidogo, kisha nyingine, kila mara akiipoza kwa mafuta. Bolti tatu, saa mbili. Kichwa cha mwisho kilipong'oka, tuliushika ukuta watu wanne na kuunyanyua, na vumbi jekundu la Manyoni likamwagika miguuni petu. Kavu. Mzee akalala chini kuangalia sehemu ya kuwekea miguu, ile iliyokuwa dirisha kwenye gari la baba. Akaigonga kwa sarafu ya shilingi mia mbili kutoka kona hadi kona. Ililia sauti moja yote.

Masikio yake yanafanya kazi nyingi. Silinda hedi aliining'iniza kwa kamba, akaigonga taratibu kwa spana. Ikalia kama kengele ya shule. Ingekuwa na ufa ingejibu kwa sauti ya chungu kilichopasuka. Oili ya giaboksi aliimimina kwenye sahani nyeupe ya plastiki, akaisugua kati ya vidole juani. Series III ndiyo Landrova ya kwanza kuwa na ulaini wa kuingiza gia zote nne za mbele, na ulaini huo unatokana na pete za rangi ya dhahabu ambazo zikichakaa huacha chembe za njano kwenye oili. Chembe za chuma hushikwa na sumaku, hizi hazishikwi. Tulikuta chache. Akasema giaboksi hii itaishi kuliko mimi, sikujua kama ni sifa kwa giaboksi au ni maoni kuhusu uso wangu. Ilikuja na virungu vyake vyote, cha njano cha kuunganisha magurudumu ya mbele na chekundu cha gia nzito.

Shafti moja ya nyuma aliikataa. Mimi niliiona nzima. Akaniwekea kidole kwenye meno ya ncha yake: yalipaswa kwenda sawa kama mistari ya daftari, na yalikuwa yamepinda kidogo sana, kama nywele zilizosukwa na kufumuliwa. Chuma kimeshasokotwa, siku moja kitakatika mlimani. Akaitupa upande wa mizani. Angeweza kuniuzia, nisingejua.

Nilimuuliza alijifunza wapi. Alikuwa kijana kwenye karakana ya serikali mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati nchi haikuwa na fedha za kigeni na spea zilikuwa hadithi. Landrova zilikuwa kila mahali, kwa madaktari, kwa mabwana shamba, kwa wakuu wa wilaya. Ni miaka michache tu nyuma, 1976, kiwanda cha Uingereza kilikuwa kimetoa Landrova ya milioni moja. Ila ikivunjika shafti Kigoma, hakuna meli inayoleta nyingine. Basi kwenye kila yadi palikuwa na gari moja lililowekwa juu ya mawe ili mengine yatembee. Leo linatoa stata, kesho difu, keshokutwa mlango. Waliokuwa wakilivamia kwa nyundo waliharibu vitatu ili wapate kimoja, na bosi wao akaweka sheria kwamba anayetoa spea ndiye atakayeandika jina lake kwenye kitabu, na ikitoka imevunjika anakatwa mshahara. "Hapo ndipo tulipopata adabu," alisema Mzee.

Siku hizi magari haya yana sherehe zake. Nairobi, tangu 1970, wanapanga magari ya zamani kwenye majani na waamuzi wanachungulia hadi chini ya injini kutafuta uchafu. Arusha, Oktoba 2024, Landrova zilikusanyika kwa mamia, barabara ikajaa. Nimeziangalia picha kwa furaha, na kila ninapoona gari limeng'aa najiuliza ni jingine lipi lililolala uwanjani na nani alilifungua. Huyo hayumo kwenye picha.

Niseme na la aibu yangu. Siku ya nne, Mzee alipokwenda kuswali adhuhuri, niliona bolti za kasha la thamostati juu ya injini, tatu, fupi za kichwa na ndefu za mwili, zimepita katikati ya alminiamu. Nikaona nisaidie. Spana iliyokuwa karibu na mkono wangu ilikuwa ya kijana, namba 13. Bolti ya kwanza ilitoka, nikajiona fundi. Ya pili ilianza kuzunguka kwa ulaini wa ajabu, ulaini kama wa siagi, na kabla sijaelewa maana yake kichwa kilikuwa mkononi mwangu na mwili umebaki ndani.

Mzee aliporudi hakusema neno. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya injini, akaangalia kile kisiki kwa muda mrefu wa kutosha mimi kutamani anitukane. Kisha akaweka nati mpya juu ya kisiki, akamwita kijana wa kuchomelea, wakaijaza katikati kwa moto hadi nati na kisiki vikawa kitu kimoja. Akasubiri ipoe hadi uwekundu uishe. Akagusisha mshumaa. Akakaza, akafungua, akakaza. Ilitoka saa kumi na nusu jioni. Akanipa, ninayo mezani ninapoandika.

Jioni ile, kwa kuwa nilihitaji kuondoka mbele yake kidogo, nilitembea hadi upande wa machinjio. Kulikuwa na mtu anachuna ng'ombe. Ngozi ikichanika bei yake inashuka, kwa hiyo kisu kilikuwa kinagusa na kuacha, kinagusa na kuacha, na mkono wa pili ngumi imetangulia kusukuma. Alipofika kwenye goti hakukata mfupa. Alitafuta mahali penye nafasi, akapitisha ncha, mguu ukaachia. Nilirudi nikamwambia Mzee kwamba amewaonea wachinjaji, matusi yake yanawastahili wale wa shoka tu. Alifikiri. "Huyo wa ng'ombe," akasema, "na yeye anafungua."

Siku ya sita kilichobaki kilikuwa mifupa, na Vingunguti ikaja kuchukua chake. Mama anayechoma mihogo kwenye kona alichukua ringi moja kuwa jiko. Kijana mmoja alitaka tangi la mafuta, sikujua la nini, hakusema. Injini ya lile gari, ambayo ilikuwa imeganda na mimi sikuihitaji, Mzee aliimiminia dizeli kwenye silinda tangu siku ya pili, na kila asubuhi akaijaribu kwa hendeli bila kulazimisha. Asubuhi hiyo ilisogea upana wa vidole viwili. Akaifunika turubai. Chesisi ilikwenda kwa jirani, ikapimwa kwa kilo, isipokuwa kipande chenye namba, ambacho Mzee alikikata mwenyewe na kukifunga pamoja na kadi hadi usajili ufutwe TRA.

Ilibaki difu ya mbele, na kwenye difu nati moja. Mzee aliangalia jua, akasema anakwenda kunywa kahawa. Khanga ya spana aliiacha mapajani kwa kijana wake, yule ambaye kwa siku sita nilikuwa nimemwona akishika tochi, akiandika maboksi na kupiga picha, spana hajawahi kuachiwa. Kijana aliniangalia, mimi nikaangalia pembeni.

Akaifungua khanga. Akapitisha kidole gumba kwenye midomo ya spana, moja, ya pili, ya tatu, akairudisha ya tatu, akachukua ya nne. Akaivisha, akaitoa, akafuta nati kwa ncha ya shati, akaivisha tena hadi ikakaa. Treni ikapita, akasubiri imalizike, nadhani alitaka kusikia. Halafu akaegemeza bega, akavuta pumzi, akaikaza.